Kliki moja tu, medali imekwenda

Abhinav Bindra wa India aliingia fainali ya bunduki ya upepo mita 10 jijini Beijing, Agosti 11, 2008, akiwa wa nne. Kazi iliyobaki ilionekana nyepesi: risasi chache za majaribio, kisha risasi 10 za kuhesabiwa. Ile ya kwanza ya majaribio ikaenda kombo, mbali kabisa na katikati. Bunduki ileile iliyompa pointi 596 kati ya 600 kwenye mchujo, ghafla ikawa kama haimjui.

Katika kitabu chake kilichotoka 2011, Bindra anasimulia kwamba alishuku kuna mkono wa mtu uliogusa vifaa vyake vya kulengea wakati wa mapumziko. Hakuna aliyewahi kuthibitishwa kufanya hivyo. Alikuwa na dakika chache tu. Akazungusha vifundo, kliki baada ya kliki, mpaka risasi zikarudi nyumbani. Risasi yake ya mwisho ilikuwa 10.8, jumla 700.5. Zhu Qinan wa China alimaliza na 699.7. India ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo wa mtu mmoja, kwa tofauti ya pointi 0.8.

Kisa hicho kina uzito mpya sasa, kwa sababu India ndio wenyeji wa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2030 huko Ahmedabad. Mchezo wa kulenga shabaha ulikuwamo kwenye michezo hiyo tangu 1966, ukiondoa Edinburgh 1970, hadi Gold Coast 2018. Birmingham 2022 wakauondoa, Glasgow 2026 nao hawana. India walikasirika kiasi cha kutishia kususia Birmingham, na hasira yao inaeleweka: Gold Coast walibeba medali 16 za shabaha, 7 zikiwa dhahabu. Mtu wa namna hiyo akipewa uenyeji, haitashangaza shabaha ikirudi mezani.

Swali kwa Tanzania ni rahisi kuuliza na gumu kujibu. Mlango ukifunguliwa, nani ataingia?

MIZANI YA SEGESE

Wengi wanaamini kulenga ni jicho na mkono tu. Picha za Yusuf Dikeç wa Uturuki, zilizosambaa kwenye simu za kila mtu wakati wa Olimpiki ya Paris 2024, zilikoleza imani hiyo. Mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida, hana madoido, anaondoka na medali ya fedha ya bastola ya upepo kwa timu mchanganyiko akiwa na Şevval İlayda Tarhan. Watu wakasema jamaa katoka nyumbani tu akaja kupiga. Kilichowapita ni kwamba bastola ile ilikuwa ya mashindano, yenye vifaa vya kulengea vinavyorekebishwa, na mwenyewe ametumikia jeshi la usalama la nchi yake kwa miaka mingi. Alichokosa ni mapambo. Vipimo alikuwa navyo.

Pale Segese, Halmashauri ya Msalala, hili halihitaji maelezo marefu. Mchimbaji anayetoka mwaloni na dhahabu yake kwenye kipande cha karatasi, kabla hajaiweka kwenye mizani ya mnunuzi anatazama kitu kimoja: je, inasoma sifuri? Ikisoma chini ya sifuri hata kwa pointi ndogo, jasho la wiki nzima la duarani limekatwa juu kwa juu. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuibandika stika. Na ndiyo maana mizani ikihamishwa meza, au upepo ukivuma, watu wa pale wanataka irudishwe sifuri mbele ya macho yao. Mzigo wa pili haupimwi kwa imani ya mzigo wa kwanza.

Bunduki ya shabaha nayo ina sifuri yake. Ni pale ambapo kile jicho linachokiona kwenye darubini na pale risasi inapotua panakuwa mahali pamoja, kwa umbali uliochaguliwa, tuseme mita 100. Kuipata ni kazi ya nusu saa. Kuitunza ni kazi ya msimu mzima, na hapo ndipo wengi wanaanguka.

UNENE WA KARATASI

Ndani ya darubini kuna mrija mdogo wenye lenzi, umebanwa na springi upande mmoja na skrubu za vifundo upande mwingine. Ukizungusha kifundo cha juu, skrubu inausukuma mrija huo kidogo sana, na pale unapolenga panahama. Kila mlio wa "kli" ni hatua moja. Kwenye darubini nyingi hatua hiyo ni kama milimita 7 kwa mita 100. Kwenye nyingine ni sentimita 1 kamili.

Milimita 7 zinaonekana za mchezo. Ila kuna mashindano ya bunduki za darubini, yanayoitwa F-Class, ambako watu hulenga mpaka yadi 1,000, yaani mita 914. Huko kliki ileile moja ya milimita 7 inakuwa sentimita 6.6. Katika shabaha inayotumika Marekani kwa umbali huo, duara la ndani kabisa lina upana wa inchi 5, sawa na sentimita 12.7. Kwa hiyo aliyepiga katikati kabisa, darubini ikimhama kwa kliki moja tu bila yeye kujua, risasi yake imetoka nje ya duara hilo. Hajakosea kupumua wala kuvuta kifyatulio. Ni kama mtu ahamishe nukta ya penalti usiku, halafu asubuhi alaumiwe mpigaji.

Na kliki ndiyo shida ndogo. Kubwa zaidi ni pale darubini inaposhikwa na bunduki. Hushikwa na pete mbili, na pete hukaa kwenye reli iliyofungwa kwa skrubu juu ya bunduki. Tuseme pete hizo zimeachana sentimita 13. Upande mmoja ukilegea ukapanda kwa milimita 0.1, unene wa karatasi moja ya daftari, risasi itahama karibu sentimita 8 kwa mita 100. Kwa mita 914 inahama sentimita 70. Hapo si kukosa duara la ndani, pengine hata kibao chenyewe hukioni.

Kinacholegeza ni nini? Cha kwanza ni teke la bunduki yenyewe, mara mia kwa mazoezi ya wiki moja. Halafu kuna joto. Darubini nyingi ni za aluminiamu na bunduki ni ya chuma, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo jua la saa nane la Shinyanga linavivuta vitu viwili kwa kasi tofauti. Halafu safari. Barabara za vumbi za kanda hii zinalegeza nati za pikipiki mpya ndani ya mwezi, sembuse skrubu ya ukubwa wa punje ya mchele.

Wanaolijua hili bila kusimuliwa ni watu wa uwindaji wa kitalii. Magharibi mwa Kahama yako mapori ya Kigosi na Moyowosi, na desturi ya kambi za uwindaji inajulikana: mgeni akishashuka kwenye ndege na kupigishwa matuta kwenye Land Cruiser, kabla ya kumwona mnyama yeyote anapelekwa kwanza kwenye karatasi ya shabaha. Hata awe na bunduki ya bei ya nyumba. Mwindaji mwenyeji hataki kusikia kwamba ilikuwa sawa Ulaya. Anataka kuiona ikiwa sawa pale, baada ya safari ile.

BISIBISI BILA KIPIMO

Dawa yake ni nidhamu ya fundi, na sehemu kubwa yake ni rahisi. Skrubu zinafutwa mafuta kabla ya kufungwa. Za pete hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa kawaida kati ya newtoni-mita 1.7 na 2, kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Hapa vijana wengi wenye nguvu wanaharibu: wanakaza kama nati ya gurudumu, pete inaubana mrija wa darubini, na kifundo kikizungushwa lenzi za ndani hazisogei sawasawa tena. Kukaza sana ni ugonjwa uleule wa kulegeza, ila umevaa nguo nyingine. Skrubu za reli hupewa tone la gundi ya nati. Kisha unachorwa mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Hata rangi ya kucha inatosha. Mstari ukikatika, skrubu imecheza, hakuna ubishi.

Baada ya hapo darubini inapewa mtihani. Karatasi ndefu inatundikwa mita 100, unapigwa mstari wa wima kwa timazi, ileile ya mafundi ujenzi. Mlengaji anapiga risasi tatu chini, anapandisha vifundo kwa kiasi ambacho kwa hesabu ni sentimita 100, anapiga tatu nyingine bila kubadili sehemu anayolenga, kisha anarudisha vifundo sifuri na kupiga tatu za mwisho. Kundi la pili liwe sentimita 100 juu, si 96, na liwe juu ya mstari. La tatu litue palepale pa la kwanza. Darubini inayopanda vizuri lakini hairudi ni mbaya kuliko ile isiyopanda kabisa, maana hii ya kwanza inakudanganya ukiwa unaiamini.

Wazee wa mchezo wana ujanja wao mwingine. Wakirekebisha, wanapitiliza kliki mbili au tatu halafu wanarudi, ili skrubu ifike kila mara kutoka upande uleule na springi isibaki imelala. Wengine hugonga kifundo kidogo, au hupiga risasi moja ya kuituliza darubini kabla ya kuamini kipimo kipya. Darubini bora za sasa hazihitaji hayo. Lakini bora za sasa hazinunuliwi kwa bei ya redio.

Halafu daftari. Tarehe, saa, joto, aina ya risasi, kliki ngapi, risasi ya kwanza ya mtutu baridi ilitua wapi. Ukiuliza kwa nini nchi kama Afrika Kusini, yenye viwanja vya masafa marefu kama vile vya Bloemfontein, inashindana na wakubwa kwenye mchezo huu, usiishie kwenye fedha. Kuna miaka mingi ya madaftari pale.

OLIMPIKI HAITAKI DARUBINI

Ni vizuri jambo hili liwekwe wazi kwa msomaji wa kawaida: bunduki za Olimpiki, mita 10 na mita 50, haziruhusiwi darubini za kukuza. Mlengaji anatazama kupitia tundu dogo nyuma na duara mbele. Lakini tundu hilo nalo lina vifundo, lina kliki, lina skrubu, na linahama vilevile. Ndicho kilichomkuta Bindra. Tena kwenye mita 10 kumi ya katikati ni nukta ya milimita 0.5. Kalamu ya kawaida ya mwanafunzi ikigusa karatasi inaacha alama isiyopungua hapo.

Kwa hiyo anayejifunza kutunza sifuri ya darubini amejifunza pia nusu ya kazi ya bunduki ya Olimpiki. Na hapa ndipo Tanzania ina mtaji ambao haujatumika.

Bunduki, viwanja vya shabaha na watu waliofundishwa kulenga viko kwenye majeshi: JWTZ, Polisi, Magereza, JKT. Kulenga shabaha ni sehemu ya michezo ya majeshi chini ya BAMMATA. Tatizo ni kwamba matokeo yake yakifika magazetini hupata mistari miwili chini ya habari ya fainali ya soka, na mara nyingi ni jina la timu iliyoshinda tu. Pointi ngapi? Umbali gani? Bunduki gani? Kimya. Bila namba, hakuna anayeweza kusema kama koplo fulani wa kambi fulani ni mzuri kwa kambi yake au ni mzuri kwa dunia.

Mfano wa kinachowezekana upo. Alphonce Simbu ni mwanajeshi wa JWTZ. Septemba 2025, Tokyo, alitwaa dhahabu ya marathoni ya Mashindano ya Dunia kwa saa 2:09:48, akimpiku Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Jeshi lilimpa ajira na muda wa mazoezi, na saa ikasema kila kitu hadharani. Mkimbiaji ana bahati hiyo, saa haina kambi. Tangu Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walete fedha mbili za Olimpiki kutoka Moscow 1980, nchi haijaleta nyingine yoyote, na bado mipango yote inaelekezwa kwenye miguu. Hakuna ubaya. Ila macho nayo ni mali.

Kenya walikuwa na walengaji kwenye Olimpiki yao ya kwanza kabisa, Melbourne 1956. Ulikuwa mchezo wa walowezi wakati huo, sawa, lakini viwanja na vyama vilibaki, na Kenya wa sasa wanavitumia.

KIJANA WA SEGESE ANAPITIA WAPI?

Kipaji kikoje kanda hii? Sungusungu, walioanzia maeneo ya Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, walilinda ng'ombe kwa upinde na mishale, na upinde nao una sifuri yake: kamba ikilegea kwa unyevu, mshale unafika chini. Watoto wachungaji wa pande hizo wanapiga manati bila mwalimu. Lakini kati ya manati na BAMMATA hakuna ngazi hata moja. UMITASHUMTA na UMISSETA hazina shabaha. Mlango pekee ni kuingia jeshini kwanza, halafu kuomba Mungu kamanda wako apende mchezo huo.

Wapo watakaosema bora ibaki hivyo, na hoja yao si ya kutupwa. Ukanda wa dhahabu umewahi kuzika watu waliouawa na majambazi wenye bunduki, na magobore ya mafichoni hayajaisha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali kwa kila silaha, na hakuna mzazi wa Segese anayetaka ilegezwe ili mtoto wake akacheze. Anayependekeza klabu za bunduki za raia kila wilaya anajitafutia maadui bure.

Njia ya katikati ipo, na ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Bunduki ya upepo ya mita 10 hupigwa ndani ya ukumbi, kwa hewa, na kidonge cha risi kinachozuiwa na kisanduku cha chuma. Silaha inalala ghala la jeshi, kijana anakuja kambini Jumamosi, anafundishwa, anaondoka mikono mitupu. Bwalo moja linatosha. BMT na Kamati ya Olimpiki wakikaa na BAMMATA, hiyo ni barua ya kurasa mbili, haihitaji bajeti ya kujenga uwanja.

Gharama yenyewe iko pengine. Bunduki moja ya mashindano inanunuliwa kwa mamilioni ya shilingi, na kishawishi kitakuwa kununua nyingi, kupiga nazo picha, na kusahau fundi. Hilo likitokea, ndani ya msimu mmoja zitakuwa bunduki 10 zenye sifuri 10 zisizojulikana, kila mlengaji akilaumu mkono wake. Afadhali ziwe tatu, ziwe na fundi mmoja aliyesomea kazi hiyo, spana yake yenye kipimo, na daftari linalokaguliwa kila mwezi kama mizani ya dhahabu inavyokaguliwa.

Miaka iliyobaki kabla ya Ahmedabad ni michache, lakini si haba. Pa kuanzia ni kwenye mashindano yajayo ya majeshi, kwa karatasi moja tu itakayobandikwa ukutani ili wote wasome: kila mlengaji, umbali, pointi zake, na mahali ilipotua risasi yake ya kwanza asubuhi kabla hajagusa kifundo chochote. Zikiwa zimetua katikati, kuna wa kumpeleka India. Zikiwa zimesambaa, aanze kuitwa fundi kabla ya kocha.